Abiria wa Tout-Terrain

Mama mkwe wa Kizito alifika Kasenga, mtaa wa Uvira, siku ya Jumanne, akakaa uani na kuwapa wenyeji wake mgongo. Alikuwa na hasira, hilo halikufichika, lakini mgongo ulikuwa jambo jingine. Kwao Katogota, katika bonde la Ruzizi, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawatajani majina wala hawali katika chombo kimoja. Wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Mtu wa tatu wa nyumba hii alikuwa Anne-Marie, binti wa mmoja na mke wa mwingine. Siku hiyo alikuwa ameinamia mkeka, anaanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani anaowauza sokoni.

"Anne-Marie," alisema bibi Nizigama, macho yake kwenye ukuta wa jirani, "ambia bwana yako, minye nilisikia banamunyanganya ile lori ya Fuso. Iko kweli?"

"Mama anauliza kama..."

"Nimesikia," alisema Kizito. Alikuwa amesimama mlangoni, naye akiutazama ukuta uleule. "Ambia mabukwe iko kweli. Patron aliuzisha gari yake."

"Ambia bwana yako patron hakuuzisha gari juu ya njaa. Aliuzisha juu ya kuchoka na muntu mwenye kufanya course ya mbio mu barabara na mizigo ya bantu."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Kizito alikuna kichwa.

Mjini walimwita Tout-Terrain, jina la gari lisilochagua njia, na jina lilimkaa sawasawa. Alianza na baiskeli, akishusha mihogo kutoka Katogota na kuwapita njiani wenye baiskeli tupu. Ikaja pikipiki, akashinda mashindano ya sikukuu hadi waandaaji wakamwomba apumzike kidogo ili wenzake nao waonje. Aliendesha teksi. Aliendesha malori hadi milimani, kule ambako barabara ni jina tu. Mara moja huko Bujumbura, dereva wa gari la mashindano aliumwa tumbo asubuhi ya mbio, Kizito akapewa usukani wa gari ambalo hakuwahi hata kulikalia, akalileta la pili. Ziwa lilipopanda na kufunika barabara, akajifunza mashua ya injini. Katika chombo chochote kimoja hakuwa bingwa kupita wote, tusidanganyane: kwenye pikipiki kulikuwa na Rémy, na ziwani kulikuwa na Ezéchiel. Yeye alikuwa mtu wa vyote, na matajiri wa Uvira hawamtaki mtu wa vyote. Wanataka dereva wa kitu kimoja, tena asiyependa upepo usoni.

Ziwa hilohilo lilichukua na nyumba yao. Ilikuwa kando ya maji, katika mtaa mzuri wenye nguzo za umeme, na Kizito ndiye aliyeujenga ukuta wake wa mawe kwa mikono yake, mnene kupita haja, akawa anawaonyesha wageni ukuta kabla ya kuwakaribisha ndani. Sasa walipanga chumba kimoja huku Kasenga. Mke wa mwenye nyumba alikuwa akiusogeza mkeka wa ndakala kwa mguu, kidogo kidogo, kila alipopita, bila kuomba radhi. Na watoto wa mtaani walipomwona Kizito akirudi kutoka kutafuta kazi waliimba: "Tout-Terrain wa miguu! Tout-Terrain wa miguu!" Alikuwa akiwapungia mkono na kucheka. Ndani alikuwa haongei mpaka chakula kiishe.

"Ambia mabukwe Jumamosi kuko course," alisema sasa. "Ya vyombo vitatu. Piki kutoka Mulenge mpaka Katogota, gari kutoka Katogota mpaka hapa Uvira, mashua mpaka ku bandari ya Kalundu. Wacuruzi ba soko banatoa pikapu. Mwenye kushinda anaenda nayo ku nyumba, iko yake."

"Na ukishindwa?" bibi Nizigama aliuliza, akajirudi haraka. "Ambia bwana yako, na akishindwa?"

Kizito aliinama akaokota ndakala mmoja aliyeanguka nje ya mkeka.

"Basi ambia bwana yako neno langu. Jumamosi ikipita bila pikapu, nitaenda na weye na batoto. Ku Katogota kuko mashamba, kuko mupunga. Mutoto wangu hakuzaliwa kwa kusukumiwa samaki na mguu ya bantu."

Kumbe alikuwa ameuona mguu wa mke wa mwenye nyumba.

Anne-Marie aliacha kugeuza ndakala. "Hiyo sitaipitisha, Mama. Hiyo nitasema minye mwenyewe." Alimgeukia mumewe, mikono imejaa magamba. "Kizito, nimechoka. Ukishinda, tunabakia. Ukishindwa, nitafuata mama mpaka siku utapata kazi. Sisemi kwa kukuchukia. Nimechoka tu."

Kizito alimtazama mkewe. Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyopenda kwenda mbio, ingawa hakuwahi kupata nafasi ya kumthibitishia.

"Sawa," alisema.

*

Vyombo vyote alikopeshwa. Hii ilikuwa faida pekee ya maisha yake ya kurukaruka, kwamba kila kazi aliyoiacha ilimwachia rafiki. Chadrack alimpa pikipiki, Josée akampa teksi yake na kumwambia asiipige honi ovyo maana imechoka, na Libérat akampa mashua. Abiria alikuwa Anne-Marie. Sheria ya mbio ilitaka kila dereva ambebe mtu mzima mmoja wa familia yake, mtu yuleyule kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu huyo ashike mkononi kibuyu cha maziwa ya Mulenge kisicho na kifuniko. Kibuyu kilichorwa mstari mwekundu kwa ndani. Maziwa yakishuka chini ya mstari, dereva ametoka, hata awe wa kwanza. Chama cha madereva kilieleza kwamba dereva ni mtu wa kubeba watu, na yeyote anayejua kukimbia tu akakimbie na mbuzi.

Asubuhi ya Jumamosi Mulenge ilikuwa na ukungu na harufu ya ng'ombe. Madereva saba walisimama kando ya pikipiki zao wakipuliza vidole. Anne-Marie alikwenda nyuma ya zizi mara moja, akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu mama yake alimfuata, maana alikuwa amepanda mlima pamoja nao ili azifuate mbio kwa gari la chama, na zikiisha amchukue binti yake hapohapo, asipewe nafasi ya kubadili mawazo. Alimkuta ameshika mti, anatapika.

"Tangu lini?" aliuliza mama.

"Muezi wa tatu, nafikiri."

"Anajua?"

"Hapana. Nilitaka kwanza ashinde."

Bibi Nizigama alimfuta binti yake mdomo kwa pembe ya kitenge chake mwenyewe. "Basi ku ile piki hupandi. Ukapande na kutupa tumbo mu mabonde? Hupandi."

Habari ilimfikia Kizito kupitia kwa Anne-Marie, zote mbili kwa pamoja, mtoto na kukosa abiria, naye akabaki ameshika mikono ya pikipiki bila kujua acheke au alie. Ciza, mwenyekiti wa chama, alikuja akatikisa kichwa. Sheria ni sheria. Mtu mzima, wa familia, la sivyo jina linafutwa.

"Amupakie ng'ombe!" alipaza sauti Rémy. "Hapa kuko nyingi!" Watu wakacheka.

"Muke yake anarudi Katogota leo, bananiambia," mwingine akaongeza. "Si apande tu ile gari ya chama? Safari yake njo hiyo!"

Walicheka zaidi. Anne-Marie aliinamisha kichwa akajifunika bega.

Sasa, bibi Nizigama angekaa kimya tu, angepata yote aliyoyafuata. Mkwe angefutwa, binti angepanda gari la chama, wangewachukua watoto Kasenga, na jioni hiyo wangekuwa Katogota wakila wali wa shamba lao. Hakuhitaji kufanya chochote. Lakini aliwasikia wanaume wale wakimcheka mtoto wake juu ya mlima, mbele za watu, akiwa na mimba, na shingo yake ikapata moto. Alijisukuma katikati ya watu.

"Andika minye," alimwambia Ciza.

Ciza alikuwa mtu wa bondeni, alijua mila. "Mama, yee iko mukwe yako."

"Nilikuuliza yee iko nani? Andika. Nizigama. Minye ni muntu muzima ao hapana?"

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Nizigama alimwita Anne-Marie na kutoa masharti kwa sauti ambayo Kizito aliisikia vizuri, ingawa alijifanya anakaza nati. Kati ya migongo yao litawekwa blanketi lililokunjwa. Kiunoni dereva atafungwa kitenge, naye abiria atashika ncha za kitenge, maana kitenge si mwili. Na dereva asigeuke nyuma hata kama gari moshi linamfuata.

"Ambia mabukwe aksanti," alisema Kizito.

"Ambia bwana yako sifanyi hii juu yake."

*

Kofia ya pikipiki iligoma kuingia juu ya kilemba, ikabaki imekaa kwa juu kama sufuria. Bibi Nizigama aliweka kibuyu mapajani, chini yake ngata ile ya kubebea mizigo kichwani, akakibana kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulishika kitenge. Bendera ikashuka.

Rémy aliondoka kama kawaida yake, tope nyuma, kelele mbele, na kabla ya kona ya kwanza hakuonekana tena. Kizito alimwacha aende. Alikuwa akifikiria maziwa. Alishuka kwa gia ndogo, akiyakwepa mawe kabla hayajamfikia, na kila alipozidisha mwendo kitenge kilimkaza tumbo. Baada ya muda alianza kukisoma. Kikikazwa kulia, bibi ameona shimo kulia. Kikilegea, anaweza kwenda.

Lakini kitenge hakiwezi kusema yote, na hapa ndipo walipogundua jambo ambalo hawakulifikiria. Mtu wa tatu hakuwapo.

Bibi Nizigama alilitafakari hilo katika kona mbili nzima. Kisha akakohoa.

"Wee piki," alisema, "umeamuka muzuri? Mwambie mwenye kukuendesha mbele kuko ng'ombe."

Kizito alikuwa amekwisha kuwaona ng'ombe, na tayari alikuwa anapita katikati yao kwa kuomba Mungu. Ng'ombe mmoja alimpangusa goti kwa pua yake yenye unyevu.

"Piki," alijibu alipopata pumzi, "mwambie mabukwe nimesikia. Na maziwa iko namna gani?"

"Piki, mwambie iko yote. Minye niliuzisha maziwa mbele yee hajazaliwa."

Wakaendelea hivyo, mbele ya miteremko na mbuzi na watoto waliotoka majumbani kushangilia, wakipeana habari kwa kupitia pikipiki ya Chadrack, ambayo kwa bahati ilikuwa na kelele za wastani. Kizito aliyaona yote hayo kuwa kichekesho kikubwa. Alitamani kucheka hadi mbavu zimuume, lakini aliogopa kumwaga maziwa.

Katogota nzima ilikuwa barabarani. Wanawake wa kwao, waliokuwa wanamjua Nizigama tangu ujana, walimwona anafika nyuma ya mgongo wa mkwe wake, kofia juu ya kilemba, magoti yamejaa tope. Walipiga makofi midomoni. Mmoja alisema "Yuu!" na kugeuka upande kana kwamba ameona mtu anaoga. Kwa bibi Nizigama hiyo ilikuwa aibu yenyewe, aibu ya mtu mzima mbele ya majirani zake, na uso ulimuwaka. Alishuka polepole, kibuyu kimenyooka, akawapita wote bila kusalimu, akaingia kwenye teksi ya Josée na kukaa nyuma, pembe ya mbali kabisa na dereva.

Walikuwa wa nne.

*

Kwenye gari Kizito alikuwa mtu mwingine. Barabara ya bondeni alijua kila mshono wake, na aliwapita wa tatu na wa pili kabla hata jasho la pikipiki halijakauka. Walipofika Luberizi walimkuta Rémy amesimama pembeni, shati limelowa maziwa, anagombana na abiria wake, kaka yake. Alikuwa amepita shimo kwa mwendo wa pikipiki. Kizito alimpigia honi, moja tu, kwa heshima ya Josée.

"Gari," bibi Nizigama alisema, na sauti yake haikukosa utamu, "mwambie ule kijana atapakia ng'ombe siku ingine."

Kizito alicheka kwa nguvu. Alisikia nyuma yake mtu akicheka pia, halafu akijizuia.

Kosa lilitokea kabla ya Sange. Bibi Nizigama aliwaona wanawake katika shamba la mpunga wakipunga majembe, wakionyesha kwamba mbele kuna lori limekwama na barabara haipitiki. Aliijua pia njia ya pembeni, ya matuta ya mpunga, maana alikuwa akiipita na mizigo. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Lakini gari lilikuwa la mtu mwingine, hawakuwa wamezoeana, na ingawa utani hauhitaji salamu, mwanamke wa kwao haombi jambo bila salamu.

"Wee gari ya Josée," alisema, "Bwana asifiwe. Wa kwako bako muzima? Basi mwambie mwenye kukuendesha, kama itampendeza, njia ya mukono wa..."

Njia ya mkono wa kushoto ilikuwa imekwisha kupita. Walisimama nyuma ya lori, nyuma yao likaja lori lingine, na Kizito akabaki akijaribu kuligeuza gari, gurudumu likiteleza kwenye tope, mpaka wanaume wa shambani wakaja kulibeba upande. Wakati wanasukumwa, gari la Ezéchiel liliingia njia ya pembeni na kupotea kwenye vumbi. Ezéchiel alikuwa wa mwisho kwenye pikipiki. Sasa alikuwa mbele, na mbele yake kulikuwa na ziwa.

Kizito aliupiga usukani kwa kiganja. Akilini alimwona Anne-Marie akikunja mkeka, watoto wamebeba vifurushi, chumba cha Kasenga kitupu.

"Gari," alisema, akijitahidi sauti isipande, "mwambie mabukwe, kama kuko neno la haraka, aseme tu. Bila salamu. Tafazali."

Bibi Nizigama alikiweka kibuyu sawa juu ya ngata.

"Gari, mwambie minye nimekosa," alisema bibi Nizigama. Hakuwa mwanamke wa kusema neno hilo mara nyingi, na Kizito alilijua hilo. Alikanyaga mafuta.

*

Walipofika ufukweni Uvira, mashua ya Ezéchiel ilikuwa imekwisha kuingia majini, inaelekea kusini, na wavuvi wenzake walikuwa wameanza kumwimbia ushindi. Kizito alivuta kamba ya injini. Bibi Nizigama alikaa mbele kabisa, kibuyu kimekumbatiwa, uso kwenye maji. Hakuwahi kupanda mashua maishani mwake. Hakumwambia mtu.

Kumfukuza Ezéchiel kwenye maji ya wazi ilikuwa kazi bure, kila mtu alijua, na Kizito wa kwanza. Ezéchiel alizunguka kwa mbali, kama wavuvi wote, akiukwepa mtaa uliozama, maana chini ya maji yale kulikuwa na mabati, nyaya na paa zilizopasua mashua nyingi. Mvuvi huona pale mtego. Kizito alipoutazama mtaa ule aliona nguzo mbili za umeme zimesimama majini, nyingine mbili nyuma yake, na nyingine tena, safu mbili zilizonyooka hadi karibu na Kalundu. Akakumbuka kwamba kati ya safu zile mbili palikuwa na barabara. Aliipita miaka mingi na teksi, akiwabeba watu na maji yao, wagonjwa wao na maharusi wao. Ilikuwa pana, ya kupishana malori mawili.

Alikata kona, akaingiza mashua barabarani.

Ufukweni watu walipiga ukelele, wakidhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa anaendesha teksi. Hapa palikuwa na duka la mafuta ya taa, shika kushoto. Hapa mfereji. Hapa bati la kanisa, linaonekana ncha tu, zunguka. Pua ya mashua iliinuka kwa mwendo na kumziba macho, hakuona tena mbele, lakini hilo halikumtia wasiwasi, mtaa alikuwa nao kichwani.

Kitu kimoja alikisahau. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimesukuma mawe, na ukuta wake mwenyewe, ule mnene aliowaonyesha wageni, ulikuwa umelala kifudifudi katikati ya barabara.

Bibi Nizigama aliuona. Aliona maji yakikunjamana mahali ambapo hayakuwa na sababu ya kukunjamana, akaona mawe, na aliyajua mawe yale, alikuwa ameyaegemea kila asubuhi siku zile alipokaa nao kumwogesha mjukuu wake wa kwanza, Espoir. Mdomo wake ulifunguka kumwita mtu wa tatu. Wee mashua. Akaiona tena akilini barabara ya Sange, na majembe yakipungwa.

"Kizito!" alipiga kelele. "Kizito, ukuta yako! Kuume! Kuume, mutoto yangu!"

Kizito aligeuza kabla hajaelewa ni nani aliyemwita. Mashua ililala ubavu, ikaukwangua ukuta kwa mlio ulioingia hadi kwenye meno. Bibi Nizigama alirushwa nyuma hadi karibu na injini, kibuyu bado kimekumbatiwa, na Kizito, mkono mmoja kwenye injini, alimdaka bega kwa mkono wa pili na kumshikilia. Hawakuachiana. Waliendelea hivyo, yeye amemshika bega mama mkwe wake, naye bibi akimwelekeza, "Kushoto. Sasa mbele. Mbele, Kizito, mbele!" mpaka nguzo za mwisho zikaisha na maji yakafunguka. Gati la Kalundu lilikuwa palepale mbele, na Ezéchiel bado anakuja kutoka mbali, amesimama kwenye mashua yake, haamini.

*

Kalundu ililipuka kwa shangwe. Watu waliingia majini na nguo zao, Chadrack, Josée na Libérat wakampigania Kizito kila mmoja akitaka kumbeba yeye, wakidai kwamba ushindi ni wa chombo chake. Watoto wa Kasenga nao walikuwapo. Waliimba "Tout-Terrain! Tout-Terrain!" na safari hii hawakuongeza neno. Kizito alilia bila kujificha. Anne-Marie, aliyeletwa na gari la chama, alisukuma watu mpaka akamfikia, akaegemeza paji la uso kifuani mwake.

Ciza alichukua kibuyu, akachungulia ndani. Maziwa yalikuwa juu ya mstari. Yalikuwa yameanza kuganda kidogo kwa jua, lakini yalikuwepo.

"Dereva na abiria banywe," alisema kwa kipaza sauti, maana ndivyo chama kilivyopanga. Kisha akakumbuka ni nani na nani, akashusha kipaza sauti. Watu wa bondeni waliokuwa pale walitazamana. Kibuyu kilikuwa kimoja.

Bibi Nizigama, kilemba kimeanguka, mvi zake hadharani, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akafuta mdomo. Wanawake kadhaa wa Katogota walikuwa wamefika kwa gari la mpunga, na yule aliyesema "Yuu!" alikuwa mbele kabisa. Bibi Nizigama alimtazama huyo kwanza, mpaka akainamisha macho. Kisha akageuka na kumtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu siku ya ndoa, akaona kwamba ana kovu dogo juu ya jicho na kwamba ni mtu mwenye uso mwema.

"Kunywa, Kizito," alisema. "Nilikuwa nikiogopa bure."

Kizito alikunywa mpaka kibuyu kikaisha. Funguo za pikapu zilipowekwa kiganjani mwake alizishika bila kujua azipeleke wapi, akampa Anne-Marie, naye Anne-Marie akazifunga kwenye pembe ya kitenge.

"Kesho nyuma ya misa utanipeleka Katogota," bibi Nizigama alimwambia mkwe wake, moja kwa moja, bila salamu. "Nitakaa mbele."

Anne-Marie alishtuka. Alisogea karibu na mama yake, mkono juu ya fundo la funguo. "Utaenda na nani, Mama?"

"Na dereva yangu," alisema bibi Nizigama. "Weye ubakie kwako."